Bainokula ya 8x42 kwa mwewe wa Mbeya na Kitulo: imenisaidia wapi na imenigomea wapi

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi wenu hamfiki chini: kama lengo lako ni kutofautisha mwewe, kipanga na shakivale wa huku kwetu Nyanda za Juu, hii bainokula ya 8x42 inatosha, tena inatosha vizuri, na usiende kutupa hela kwenye zile zimeandikwa 30x60 au 60x60 zinazopangwa mezani pamoja na tochi na redio. Ina matatizo yake na ntayasema yote. Kampuni siitaji kwa sababu hizi 8x42 za bei ya kati zinafanana sana, ukikuta yenye sifa ntakazotaja hapa unakuwa umekuta karibu kitu kile kile chenye nembo nyingine.

Mimi nilitoa laki tatu na ishirini baada ya kuvutana na muuzaji, ikiwa mpya, na ndani ya boksi kulikuwa na mkanda, kibegi, kitambaa cha kufutia na vifuniko vya lenzi. Uzito ni kama gramu 680, mwanzoni unaona kawaida ila ikikaa shingoni kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana lazima uihisi. Mtu anayeenda Ruaha kuangalia tembo akiwa kwenye gari anaweza akaridhika na chochote, tembo hakimbii na hafanani na mnyama mwingine. Mimi ninachofuatilia ni hawa ndege walao nyama wanaozunguka juu ya mlima Loleza kuanzia saa tatu nne hivi hewa ikishapata joto, huku chini Mbeya mjini watu wanakimbizana na daladala hakuna hata anayeinua kichwa. Hao ndo wanajaribu bainokula kweli kweli, maana wako mbali, wako dhidi ya anga jeupe, wanatembea, na wengi wamevaa rangi zile zile za kahawia.

Tumalize hesabu kwanza. Ile 8 ni mara ngapi kitu kinavutwa karibu, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa 42 kwa 8 unapata 5.25, na hiyo ndo milimita ya kile kiduara cha mwanga kinachoingia jichoni mwako, kikiwa kipana picha inakuwa angavu hata alfajiri au siku ya ukungu ambazo sisi huku tunazo nyingi tu. Sasa chukua 30x60, tuseme hata ni ya kweli, kiduara kinabaki milimita 2, picha giza, na mkono ukitetemeka kidogo nao mtetemeko unakuzwa mara 30 kwa hiyo ndege anarukaruka humo ndani mpaka kichwa kinauma. Na nyingi za mezani hiyo 30 yenyewe sio ya kweli, ni maandishi tu. Muuzaji mmoja wa mjini aliniambia "boss hii unaona mpaka mashimo ya mwezi", nikamwambia kaka mwezi mashimo yake nshayaona, nataka nione mkia wa ndege, akacheka akanipisha kwenye kabati la ndani ambako ndo hizi 8x42 zinakaa.

Kitu ambacho wauzaji wengi hawakijui, na wanunuzi pia, ni kwamba mwewe humjui kwa kumwona mkubwa. Unamjua kwa umbo lake, anavyoyabeba mabawa akiwa anaelea, urefu wa mkia ukilinganisha na upana wa bawa, halafu alama mbili tatu zinazokaa sehemu maalumu, kwenye ncha ya bawa, kiunoni pale mkia unapoanzia, pembeni ya shingo. Vyote hivyo vinataka picha itulie sekunde nne tano mfululizo, na vinataka eneo pana ili ndege akigeuka asikutoke. Hii yangu inaonyesha upana wa mita 129 ukiangalia umbali wa mita 1,000, imeandikwa pale juu ya mwili wake, na kwa ndege anayezunguka hiyo ni raha. Zile za zumu, yaani za kubadilisha ukuzaji, upana unakuwa kama unachungulia tundu la funguo, ndege anatoka kabla hujajua umeona nini.

Na jambo la pili kabla sijaingia kwa ndege wenyewe, rangi. Kuna zile bainokula lenzi zake za mbele zinang'aa nyekundu kali, vijana wanazipenda sana, wanaona ndo za kijeshi. Kile kipako chekundu kinarudisha nje mwanga mwekundu, kwa hiyo picha inayobaki ndani inaelemea ubluu na ukijani. Kwa kuangalia mpira uwanjani Sokoine haikusumbui, ila ndege wa kwanza unayetakiwa kumjua ukiwa Mbeya utambulisho wake ni mkia mwekundu wa kutu! Unanunua kifaa kinachokuondolea rangi ile ile unayoitafuta. Hii yangu lenzi zake ukizigeuza kwenye mwanga zinatoa kijani kidogo na zambarau hafifu, ndo inavyotakiwa, na wekundu unafika jichoni kama ulivyo.

Sasa huyo ndege ni shakivale ambaye kitaalamu anaitwa Buteo augur. Ukipanda barabara ya Tukuyu kuanzia Uyole kwenda Isyonje humkosi, amekaa juu ya nguzo ya umeme au ananing'inia hewani kwenye upepo wa mteremko bila kupiga bawa, anaangalia chini. Mkubwa wa kutosha, mabawa mapana, mkia mfupi mpaka unaona kama umekatwa, mgongo mweusi wa majivu, na tumbo jeupe. Akielea mabawa anayainua juu kama herufi V. Ila wapo weusi tii tumboni pia, ndege yule yule, na hapo ndo watu wanagawanyika, huyu anasema ni tai yule anasema ni mwewe mwingine, kumbe ukisubiri ageuke jua limpige mgongoni unaona mkia ule ule wa kutu. Mweupe au mweusi, mkia haubadiliki kwa waliokomaa. Kwa bainokula hii mkia nauona kirahisi akiwa kwenye mlima wa pili, na lile doa jeusi lililopinda chini ya bawa pale kwenye kiungo naliona pia kama jua liko nyuma yangu.

Kuna mama mmoja jirani anafuga kuku wa kienyeji, siku moja alikuwa anamrushia mawe huyu ndege kwenye mkaratusi, nikamsalimia, shikamoo mama, akaitikia akasema "mwanangu huyu ndo kanimalizia vifaranga". Nikampa bainokula aangalie. Ilimchukua muda kumpata, kwa sababu alikuwa anaizungusha bainokula angani kumtafuta (ujanja ni kumkazia ndege macho kwanza halafu unaileta bainokula machoni bila kushusha macho), alipompata akasema "mh, kumbe mkia mwekundu". Nikamwambia huyo chakula chake kikubwa ni panya, fuko, mijusi na nyoka, sisemi hajawahi kugusa kifaranga maisha yake yote, ila anayekuja kwa kasi chini chini na kuondoka na kifaranga pale uani mara nyingi ni yule mwewe wa kahawia mwenye mdomo wa njano na mkia uliogawanyika mwishoni. Huyo hata bainokula humuhitaji, anavyoruka mkia anaupindapinda huku na huku kama usukani, basi, hakuna mwingine anafanya hivyo.

Shida inaanza na shakivale wa kahawia. Hapa ndo unajua kama hela yako ilikwenda sehemu sahihi. Wako watatu wanaochanganya huku kwetu. Wa kwanza ni kijana wa huyo huyo augur, ambaye bado hajapata mkia mwekundu, ana mkia wa kahawia wenye mistari myembamba na tumbo la rangi ya maziwa ya chai. Wa pili ni mgeni anayetoka Ulaya mashariki na Asia, Buteo buteo wa ile jamii ya vulpinus, anafika kama Oktoba na kuondoka kuelekea Aprili. Wa tatu ni wa msituni, Buteo oreophilus, mkazi wa mwaka mzima kwenye misitu ya milimani, yaani kule Rungwe na Uporoto ndo makwao.

Kalenda inafanya nusu ya kazi na haiuzwi dukani. Ukiona shakivale wa kahawia mwezi wa saba pembeni ya msitu, mgeni wa Ulaya unamweka pembeni, unabaki na wawili. Kijana wa augur ni mkubwa, mabawa mapana sana na mkia mfupi vile vile kama mzazi, na chini yuko wazi wazi hana madoa mengi. Wa msituni ni mdogo, tumbo ni jeupe lililojaa madoa ya kahawia nzito kila mahali kama vile mtu amemrushia tope, na wekundu hana kabisa. Kuanzia Novemba mpaka Machi mambo yanakuwa magumu kwa sababu mgeni naye ana sura nyingi, kuna wa kahawia kawaida, kuna wekundu, kuna weusi, ila wengi waliokomaa wana utepe mweupe umepita kifuani kama umbo la U na ukingo mweusi mzito nyuma ya bawa. Huo utepe wa kifuani kwa 8x42 niliuona safi kwa ndege aliyetua kwenye nguzo ng'ambo ya shamba la viazi. Kwa anayeruka juu na jua la saa sita liko nyuma yake, aisee sikuona kitu, na hata ungekuwa na bainokula ya milioni tano tumbo la ndege lililo kwenye kivuli linabaki kivuli. Hapo unaandika shakivale wa kahawia unasonga mbele. Watu wanaona aibu kuandika hivyo, mimi sioni aibu.

Tahadhari, mkiwa mnafuatilia ndege anayezunguka msikubali apite mbele ya jua mkiwa bado mmemkazia. Lenzi ya milimita 42 inakusanya jua lote linaingia jichoni, unaweza kupofuka kabisa. Watoto muwaambie mapema.

Haya twende Kitulo, ambako ndo niliipendea hii bainokula. Hifadhi imetangazwa 2005, ina kilomita za mraba 412.9, wenyewe mnaijua kama Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua, na watu wanaenda kuanzia Desemba mpaka Aprili kuona maua. Karibu kipindi hicho hicho uwanda ule unakuwa na wageni wengine, wale ndege wembamba wa jamii ya Circus, mabawa marefu, mkia mrefu, wanapita chini chini mita mbili tatu juu ya majani wanayumba yumba wakiwa na mabawa kwenye V, wanasikiliza na kuangalia panya na panzi. Unaweza kupitia Isyonje au ukapandia Chimala kwenda Matamba kwa zile kona hamsini na saba, mimi napendelea Chimala japo ukishuka kwenye gari unakuwa umekunywa vumbi na nguo ni nyekundu.

Pale juu uko kama mita 2,600, upepo haupumziki na mikono inaganda. Hapo ndo utajua maana ya picha kutulia. Jamaa niliyekuwa naye alikuwa na 12x50 bila stendi, nzuri kweli ukiiegemeza kwenye gari, ila akiwa amesimama kwenye upepo alikuwa anaona ndege anatetemeka tu, akaishia kuniazima yangu kila baada ya dakika tano mpaka ikawa kero kidogo.

Madume ya Circus wawili wanaotuchanganya ni macrourus na pygargus. Wote wa kijivu, wote wana weusi kwenye ncha za mabawa. Angalia umbo la huo weusi. Macrourus ni wa kijivu cheupe sana, kwa mbali unadhani ni shakwe amepotea njia, na weusi wake ni kabari nyembamba tu katikati ya ncha ya bawa, tumbo halina doa. Pygargus kijivu chake kimekolea, weusi umechukua ncha yote ya bawa, halafu ana mstari mweusi umekatiza juu ya bawa kwa urefu, na ukimwona kwa chini kuna mistari ya kahawia ubavuni. Ule mstari mweusi juu ya bawa ndo funguo, na kwa sababu ndege anaruka chini yako au usawa wako ukiwa umesimama kwenye kilima, mgongo wake unauona mwingi kuliko ambavyo ungeuona sehemu nyingine. Simama juu, usisimame bondeni.

Majike na vijana wao sasa, mama yangu! Wote kahawia, wote wana kiuno cheupe, wote mkia una mistari. Watu wengi wanaishia kusema Circus jike na kufunga daftari, na kusema kweli mara nyingi ndo jibu la haki. Ila akikupitia karibu, tuseme mita hamsini sitini, tazama uso. Macrourus ana kola nyeupe inayozunguka nyuma ya shavu, inaonekana waziwazi, na nyuma ya hiyo kola pembeni mwa shingo kuna weusi, kwa hiyo uso unakaa kama umewekewa fremu. Pygargus weupe wake uko zaidi kuzunguka jicho, shavu lina doa jeusi la mwezi mchanga, ila kola hana au ni hafifu sana. Hii tofauti 8x inaiona kwa umbali huo, zaidi ya hapo ni kubahatisha. Na wale vijana tumbo lao ni rangi ya machungwa iliyofifia isiyo na michirizi, majike wakubwa wana michirizi. Jioni ukibahatika utawaona wanashuka kulala chini kwenye majani marefu, kadhaa sehemu moja, na hapo wanazunguka mara nyingi kabla ya kutua kwa hiyo unapata nafasi ya pili na ya tatu ya kuangalia uso.

Yupo pia Circus mkazi wa maeneo oevu, ranivorus, huyu unampata zaidi kule Usangu kwenye Ihefu, kahawia mzima na hana kiuno cheupe. Hasumbui sana.

Hapo hapo Kitulo ndo nilipokutana na kasoro kubwa ya hii bainokula. Ndege mwenye ncha nyeusi akipita dhidi ya wingu jeupe, pembezoni mwa bawa panatokea kamstari ka zambarau upande mmoja na ka kijani upande mwingine. Lenzi za bei hii zinashindwa kukusanya rangi zote sehemu moja. Kwa ndege wa rangi tupu haidhuru, ila kwa Circus ambaye unabishania weusi wa bawa umeanzia wapi na umeishia wapi, inachosha. Inapungua ukimweka ndege katikati kabisa ya picha, pembeni inazidi. Za bei kubwa zenye vioo maalumu kasoro hii karibu haipo, na hapo ndo hela zao zinapokwenda, sio kwenye kukuza.

Ukungu je? Ndani haijawahi kushika, imejazwa nitrojeni na kuzibwa na nimenyeshewa nayo mvua ya Uporoto ile isiyo na adabu, ikakauka ikaendelea. Nje ya lenzi inashika ukungu ukiipumulia, kama miwani yoyote.

Kwa vipanga wa msituni na mijini bainokula hii, na kusema kweli bainokula yoyote, inagoma. Hawa wa jamii ambayo vitabu vingi vinaiita Accipiter wanatokea kwenye mti wanapita wanaingia kwenye mti mwingine, sekunde tatu. Gurudumu la fokasi la hii yangu ni zito na lina mzunguko mrefu, kutoka karibu mpaka mbali unazungusha karibu mara moja na nusu, ukimaliza ndege yuko Mbalizi. Ninachofanya naiweka fokasi tayari kwenye umbali wa miti ninayoitegemea, kisha nasubiri. Kipanga mweusi, yule mkubwa kuliko wote wa huku kwetu wa jamii hiyo, mgongo mweusi tumbo jeupe jicho jekundu, anapenda kujenga kwenye mikaratusi mirefu na anakula njiwa, huyo ndo wafugaji wa njiwa mumwangalie. Yule wa kifua cha kahawia nyekundu isiyo na mistari, rufiventris, ni wa huku milimani, utamwona kwenye mipaka ya mashamba ya misonobari kule Mufindi na Njombe akikata nyasi kwa kasi. Kipanga wa tachiro simtafuti kwa macho, asubuhi na mapema anapanda juu sana anapiga kale kasauti ka "tsik" kila baada ya sekunde chache, sikio linamjua kabla ya bainokula kutoka kwenye kibegi.

Wadogo ndo kesi. Vipanga minullus na badius wote wadogo, wote kijivu juu na mistari ya kahawia chini. Kiunoni, tena kiunoni. Minullus ana utepe mweupe kiunoni na madoa mawili meupe juu ya mkia, badius kiuno chake ni kijivu kama mgongo. Jicho la minullus ni njano, badius aliyekomaa linaelekea machungwa au jekundu. Ukishuka Usangu kwenye miiba utakutana na gabar naye ana kiuno cheupe, ila kifua chake ni kijivu kitupu na miguu myekundu, wale wengine miguu ni njano. Na msiamini ukubwa! Kwa jamii hii jike ni mkubwa kuliko dume kwa mbali, kwa hiyo jike la aina ndogo na dume la aina kubwa wanaweza kukaribiana ukadhani ni ndege mmoja. Hapa hata simu inasaidia, ndege akiwa ametua naweka kamera ya simu kwenye lenzi ya jicho nabonyeza nyingi nyingi, moja inatoka na jicho linaonekana rangi. Inataka mazoezi kidogo na mkono wa pili wa kushikia.

Turudi kwenye kifaa. Ringi ya jicho la kulia, ile ya kusawazisha macho, ni nyepesi mno, inajizungusha yenyewe ikisuguana na koti halafu unaona picha haikai unadhani bainokula imeharibika. Nimeizungushia mpira wa baiskeli uliokatwa mwembamba na imekaa. Kuiseti ni hivi, funga jicho la kulia ufokasi na gurudumu la katikati kwa jicho la kushoto, kisha funga la kushoto uzungushe ringi mpaka jicho la kulia nalo lione vizuri, baada ya hapo ringi huigusi tena. Watu wengi wanaolalamika bainokula inawaumiza kichwa hawajawahi kufanya hicho kitu.

Vifuniko vya mbele vilidondoka mapema kabisa, sijui viko kona ya ngapi kule Matamba. Mkanda ni mwembamba unakata shingo, nimeubadilisha na wa kamera. Waranti imeandikwa mwaka mmoja ila dukani nilipouliza wanaipeleka wapi ikiharibika yule dada akaniangalia tu, kwa hiyo hesabu kama hamna waranti.

Ukienda kununua usikubali ya kwenye boksi lililofungwa. Inyooshe mkono mbali na uso ielekeze kwenye mwanga, angalia viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za nyuma. Vikiwa mviringo kamili, mara nyingi prizimu (vile vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga) ni za BAK4, aina nzuri ya kioo, ikiwa kuna kona za kivuli pembeni kiduara kinakaa kama mraba, prizimu ni za bei rahisi na picha itakuwa giza pembeni. Toka nje ya duka, tafuta maandishi ya mbali, bango lolote, usome kwa dakika nzima. Kama unaona mawili mawili au macho yanavutwa, irudishe, pipa moja (bomba la upande mmoja) limepinda. Mwenye miwani akunje zile raba za machoni chini aone kama anapata picha nzima, mimi sivai ila rafiki yangu anavaa na aliipata karibu yote.

Kwa anayekaa Usangu au Ruaha ambako ni tambarare na ndege wako mbali zaidi, 10x42 ni wazo zuri kama mkono wako umetulia, japo mchana hewa ya kule inacheza kwa joto na hata 10x haiwezi kuituliza, nenda asubuhi. Mtoto wa shule mtafutie 8x32, nyepesi. Kwa milima yetu, upepo wetu na mawingu yetu mimi nabaki na 8x42 na naipa 7 kwa 10, mbili nimezikata kwa ile zambarau na moja kwa ringi.

Lenzi msifute na shati likiwa na vumbi la njiani, lile vumbi lina mchanga linachuna kipako. Pulizeni kwanza au tumieni brashi laini, ndo kitambaa kifuate.